Upepo wa Mgeni Rasmi

Mhandisi alilowesha kidole kwa mate, akakinyoosha juu ya kichwa chake. Hola. Akajaribu cha mkono wa pili, maana mtu akibanwa hukosa imani hata na vidole vyake mwenyewe. Vyote viwili vikampa jibu lile lile: upepo haukuwepo.

Boti ilikuwa mbali na nchi kavu, na bahari imetulia kama maji ya karai. Mbele yao ulisimama mtambo wa kwanza wa upepo, mnara mweupe uliochimbiwa chini ya maji, mapanga yake matatu yamekauka tuli. Chini ya turubai la boti walikaa mgeni rasmi na msafara wake. Mgeni rasmi alikwisha sema wazi tangu gatini: akiridhika, mitambo mingine itajengwa na kituo cha umeme wa mafuta kitafungwa. Asiporidhika, mradi unaishia hapo hapo.

Na siku hiyo aliichagua Mhandisi mwenyewe. Hilo ndilo lililomkereketa. Miaka yote ya kazi yake, siku njema ilikuwa siku ya bahari shwari, siku ambayo mafundi hufika mnarani bila kutapika. Alipoambiwa atafute siku njema ya uzinduzi, akapekua utabiri wa hali ya hewa, akachagua iliyotulia kuliko zote, tena akajipongeza. Mtu wa upepo kaalika wakubwa siku isiyo na upepo! Hata adui yake asingemfanyia hivyo.

"Bwana Feni," aliita mtu nyuma yake. "Mbona feni yenyewe imelala?"

Hakuwa na haja ya kugeuka. Alikuwa baba mkwe wake, mkuu wa kile kituo cha mafuta, aliyealikwa ili mgeni rasmi asikie pande zote mbili. Tangu posa, mzee hakuwahi kumwita jina jingine. Mezani, mbele ya wajukuu, ni Bwana Feni nipe chumvi, Bwana Feni umeme umekatika, hebu tupulizie.

"Inapumzika kidogo, baba," alijibu Mhandisi, akajichukia kwa jibu hilo.

"Haya, ipumzike. Kazi haijaanza, lakini ipumzike tu."

Mzee akawasha sigara kwa njiti moja, pale pale hewani, akavuta taratibu kama mtu asiyedaiwa na dunia.

Mhandisi akajibanza pembeni na redio yake. Fundi wake alikuwa ametangulia mnarani tangu alfajiri.

"Fundi, fanya chochote."

"Chochote, bosi?"

"Chochote! Hiki kitu kisipozunguka leo, mimi nyumbani sirudi. Nahamia huko huko mnarani, tutaishi wote."

Fundi akakataa. "Hapana, bosi, hapa ni padogo. Acha nihangaike."

Mhandisi akashika kipaza sauti, akaanza kuvuta muda. Alieleza upepo unavyotokea. Alipomaliza, akaeleza tena kwa maneno mengine. Mgeni rasmi akatazama saa, msaidizi wake akapiga miayo, na Mhandisi akajiona kinyago kilichovishwa suti. Ndipo, kwa kukosa la kusema, akasema lililokuwa moyoni. Akasema habari ya moshi wa kituo cha mafuta unaoangukia mtaani kwao. Akasema binti yake mdogo analala ameketi, kwa sababu akilala chali kifua kinambana. Safari hii hakuwa akivuta muda.

Baba mkwe wake aliinamisha kichwa. Akaizima sigara ikiwa nusu.

Mara panga moja likasogea.

Mwanzoni hakuna aliyeamini. Likasogea tena, la pili likafuata, kisha yote matatu yakawa yanazunguka polepole, kwa heshima zote. Watu wakainuka vitini. Wengine walishangilia, wengine walikuwa wakipiga picha, na Mhandisi alikuwa akilia waziwazi, kamasi na machozi, bila kujali suti.

"Lakini hapa chini mbona shwari?" aliuliza mgeni rasmi. Bendera ya boti ilikuwa imejikunja mlingotini.

"Huko juu kuna upepo mwingine kabisa, mheshimiwa," alisema Mhandisi, akaamini kila neno. "Ndiyo maana tunajenga minara mirefu."

"Na hii harufu ya mafuta?"

"Ni boti hii, mheshimiwa. Tuvumilie, siku zake zinahesabika."

Watu wakacheka. Mhandisi naye akacheka, akamshukuru Mungu kimoyomoyo kwa kumwokoa na ujinga wake. Baba mkwe wake akaja, akampa mkono na kuushikilia.

"Umeniweza, mkwe."

Mkwe! Mhandisi alitaka kumwomba arudie, lakini mgeni rasmi alikwisha pokea kipaza sauti.

"Nimeona kwa macho yangu," alisema mgeni rasmi. "Upepo hauhitaji tone la mafuta. Natamka rasmi kwamba kituo kile kifungwe!"

Wa kwanza kupiga makofi alikuwa baba mkwe. Mgeni rasmi akanogewa, akamvuta Mhandisi karibu naye, bega kwa bega, na kuanza kuwashukuru wote waliohusika, mmoja baada ya mwingine. Alikuwa bado kwenye wizara ya kwanza redio ilipokoroma kifuani mwa Mhandisi, na kipaza sauti kikaisambaza sauti ya fundi boti nzima:

"Bosi, mwombe mheshimiwa afupishe. Lile pipa la dizeli ya jenereta alilotuletea baba mkwe wako alfajiri linaishia, na huku hakuna kingine cha kuyazungusha mapanga haya."