Meli ya Hajja Fawziya

Hajja Fawziya alikuwa keshavaa abaya, kajifukiza udi, na kibegi chake kiko mapajani. Meli ilikuwa inaingia. Iliingia kila alasiri, ingawa ilizama miaka tisini na ushei iliyopita.

"Kemunto, yalla, nipe mkono," alisema. "Baba hapendi kungojeshwa bandarini."

"Mafi, hakuna meli leo, Hajja," alijibu Kemunto kwa Kiarabu chake cha jikoni, huku akikunja nguo. "Kesho."

Kemunto alikuwa mfanyakazi wa ndani katika nyumba hiyo ya mtaa wa Al-Rawdah, Jeddah, na kazi yake kubwa ilikuwa kumtunza huyu bibi. Bosi, mtoto wa Hajja, alikaa Riyadh na madam kwa sababu ya kazi, wakija Jeddah kila Ijumaa. Wakati huo nchi nzima ilikuwa inafunguliwa: sinema zimerudi, madam anaendesha gari mwenyewe. Kwa Kemunto kilichofunguka ni mlango wa friji tu. Miaka miwili hajakanyaga barabara.

Charity, aliyemwachia kazi, alikuwa amemwonya mapema. "Lile lango usiliguse, dada. Ukiligusa tu, bosi anaona kwa simu hukohuko Riyadh. Na usimuulize chochote. Aliyeuliza kabla yangu alirudishwa kwa wakala."

Basi hakugusa, hakuuliza. Kutouliza alikuwa amekuzoea. Walimchukua alama za vidole Nairobi kwa wakala, wakamchukua uwanja wa ndege, wakamchukua tena kwenye karatasi za ikama, kile kibali cha kuishi. Hata hapa nyumbani, siku aliyofika, bosi alimshika kidole gumba akakibonyeza mahali bila neno, naye akakitoa tu kama mtu anayetoa salamu.

Hajja ndiye aliyeligusa lango kila siku. Alikuwa akibandika kidole chake chembamba kwenye kioo kidogo kilichokuwa ukutani kando yake, taa nyekundu ikawaka, lango likanyamaza. Kemunto alimwonea huruma. Kama lango linamkataa mama mwenye nyumba, sembuse yeye?

Siku hiyo moyo wake haukuwa kwenye nguo. Asubuhi dada yake, Eucabeth, alikuwa amepiga simu. Eucabeth alifanya usafi hospitalini na kulala mtaa wa Kandara, hapohapo Jeddah, mwendo mfupi kwa teksi, na kwa miaka yote miwili walikuwa wameonana mara moja tu: mmoja barabarani, mwingine dirishani ghorofani, wanapungiana mikono na kulia. Sasa mkataba wa Eucabeth ulikuwa umeisha, anarudi nyumbani.

"Kemu, gari ya airport inatuchukua saa kumi. Si utoke hata dakika tano tu nikukumbatie? Mama akiniuliza unakaa aje, nitamwambia nini?"

"Nitatokaje, Euka? Nimefungiwa."

"Ongea na huyo bosi basi."

Alijaribu. Alibonyeza namba ya bosi mara tatu, na mara zote tatu akaikata kabla haijaita. Aliogopa, na aliuchukia woga wake.

"Alisema walikuwa chini, tumboni mwa meli," Hajja alikuwa anasimulia, akimzungumzia yule abiria mmoja aliyeokotwa na wavuvi. Hiyo meli ya moshi ilitoka Jeddah kwenda Masawa, ng'ambo ya bahari, na baba yake ndani, Hajja mwenyewe akiwa hajang'oa jino la kwanza. "Bahari ikachafuka. Kila mtu akasema mabaharia wameufunga mlango wa juu. Wakakaa, wakasali. Yeye alichefukwa tu, akausukuma ili atapike. Akajikuta nje."

"Pole, Hajja," alisema Kemunto, macho kwenye simu.

Simu ikalia. Sauti ya Eucabeth ilikuja pamoja na mlio wa injini.

"Tushatoka Kandara, Kemu. Nilikuwa nangoja mpaka dereva akakasirika. Haya. Jichunge, mdogo wangu."

Kemunto aliketi sakafuni akalia kwa sauti, kilio cha mtu asiyejali tena atasikiwa na nani. Hajja akainuka, akamfuta uso kwa ncha ya shela yake.

"Nipe mkono," alisema.

Safari hii Kemunto aliutoa. Hakuwa na nguvu za kubishana. Wakatoka, wakakatiza ua, bibi akimkokota. Walipofika langoni Hajja hakujishughulisha na kidole chake mwenyewe. Alikikamata kidole gumba cha Kemunto akakibandika kwenye kioo.

Taa ikawaka kijani. Lango likafunguka lote, barabara hiyo hapo, na teksi inapita.

Simu ya Kemunto ikaanza kuita. Bosi, kutoka Riyadh. Aliipokea.

"Bosi, nisamehe, mimi sikutaka kutoroka—"

"Nani anatoroka? Mshike mama!" Bosi alikuwa anahema. "Lango hilo tulimwekea yeye, asitoke kuitafuta meli. Wewe kidole chako nilikiingiza siku ya kwanza, uwe unatoka Ijumaa tukiwepo. Ulipokuwa hutoki, madam akaniambia, mwache, huyu binti hana ndugu hapa."