Zamda wa Nyumba Ile

Msichana wa kazi alipofungua mlango, kitu cha kwanza alichokiona ni mikono ya mgeni, iliyobabuka kwa sabuni kama yake.

"Mimi Zamda," mgeni alisema. "Nilikuwa nafanya kazi hapa. Nimerudi."

Msichana alishika aproni yake. Siku alipoanza kazi, mama mwenye nyumba alimwambia kila mfanyakazi humo huitwa Zamda, watoto wameshazoea.

"Zamda! Nani huyo?" mama aliita kutoka ndani.

"Abee!" wakaitika wote wawili.

Mama alitokea, akacheka kwa furaha. "Zamda wangu! Ingia, mwanangu. Na wewe, mpishe mwenzio."

Chumba cha mfanyakazi kilikuwa na kitanda kimoja. Msichana hakusogea mlangoni.

"Mama," alisema, "mimi naitwa Mwajabu."