Jiko Limekubali

Siku hizi majiko husoma damu ya mpishi, na yakikuta sukari au mafuta yamezidi, hukataa kukaanga. Tangu Mwantumu aanze vidonge vya saratani ya matiti, vikampandishia vyote viwili, vitumbua vilihama nyumba ile. Leo harufu ya iliki ilimwamsha mumewe, Shekue, ikamrudisha ujanani Pangani, alipokuwa akivizia dirishani kwa akina Mwantumu apewe kile cha kwanza kilichonata kikaangoni.

"Umelihonga nini jiko, mke wangu?" alitania, mdomo umejaa.

"Limeridhika na damu yangu, bwana we. Kula."

Alicheka, akachukua cha pili. Akakiweka chini kabla ya kukiuma.

"Mwantumu, vidonge umeacha kumeza lini?"

Akamwongezea kingine sahanini. "Kula kabla havijapoa."