Sauti Kutoka Mwezini

Vaishali aliitambua sauti kabla ya kumwona mwenyewe. Mara ya mwisho alipoisikia alikuwa mtoto wa miaka minane, na ilikuwa ikitoka mwezini.

Sasa ilikuwa mbele yake kwenye foleni ya duka la dawa mjini Kisumu, ikiulizia nepi za watu wazima.

Alisubiri mwenye sauti alipe. Alikuwa mzee wa mabega mapana, nywele zote nyeupe.

"Samahani, Mzee. Si wewe ndiye yule mtu wa mwezini? Kwa televisheni, zamani, kila Alhamisi jioni?"

Mzee aligeuka. "Kumbe bado kuna mtu anakumbuka," alisema. Kisha akamwelekeza kwake: Kisian, ukiacha barabara ya Busia, nyumba yenye mabati ya kijani. "Kuja Jumapili, Mama. Uliza Ignatius. Sisi siku hizi hatupati wageni."

Jumapili Vaishali alienda na boksi la vitamu vya jalebi, akiuburuta mguu wake wa kushoto kama alivyouburuta maisha yake yote.

Sebuleni, karibu na dirisha, mwanamke mzee alikuwa ameketi kwenye kiti cha magurudumu, amefunikwa shuka mpaka kifuani.

"Nyar Kano, tumepata mgeni," Ignatius alimwambia, akimwita kwa Kijaluo binti wa Kano, kisha akamgeukia Vaishali. "Huyu ni bibi yangu, Lorna. Kiharusi kilimshika mwaka juzi. Haongei, hawezi kuinua hata kidole. Lakini anasikia kila kitu. Akili iko sawa kabisa."

"Pole sana, Mama," Vaishali alisema kwa sauti kubwa, kama watu wanavyosema na wagonjwa. Akavuta kiti, akakaa uso kwa uso na Ignatius, dirisha likiwa nyuma yake.

Maneno yalikuwa yamemjaa. Alimweleza kuhusu chumba cha ghorofani, juu ya duka la vitambaa la baba yake. Polio ilikuwa imemshika mguu, na ndugu zake walipoenda kucheza yeye aliachwa na televisheni. Ndipo alipomjua yule mtu wa mchezo, ambaye wenzake waliondoka mwezini wakidhani amekufa. Redio yake ilipokea tu, haikutuma. Aliwasikia watu wa dunia wakimtafuta mahali asipokuwa, wiki baada ya wiki, mpaka wakachoka. Uso wake haukuonekana hata siku moja. Kioo cha kofia kilikuwa cheusi. Kilichosikika ni mawazo yake tu, kwa sauti hii.

"Nilikuwa naamini unaniongelesha mimi," Vaishali alisema.

Ignatius alicheka polepole. "Na huo mwezi ulikuwa hapa tu, kwa machimbo ya mawe. Mbuzi walikuwa wanaingia kwa kamera."

"Na ile suti? Ilikuwa nzito?"

"Ililetwa kutoka ng'ambo. Ndogo sana. Ilitusumbua." Mzee alitazama kule dirishani. "Mambo ya suti, Lorna ndiye anajua."

Vaishali alitabasamu kwa heshima, bila kugeuka. Alidhani mke ndiye aliyekuwa akiifua.

"Kuna siku moja sijawahi kusahau," alisema. "Redio ilikuwa imezimika, na hukusema neno lolote mpaka mwisho. Uliokota mawe, ukayapanga duara, kama watu waliokuja kukaa na wewe. Ukaketi katikati. Halafu lile dogo kuliko yote ukalipakata."

Ignatius aliweka kikombe cha chai chini.

"Hiyo haikuandikwa," alisema. "Maandishi yalisema atembee tu mpaka jua lizame. Lakini wiki ile tulikuwa tumezika mtoto wetu wa kwanza. Dairekta alituambia tukae nyumbani. Sasa nyumbani tungefanya nini? Tukarudi kazini. Na wakati kamera inapiga, mawe yakaanza kuokotwa. Hakuna mtu alisema wasimamishe."

Aliinuka, akatoa kitambaa mfukoni, akamfuta mkewe kidevu. Alikaa pale kando yake kidogo, mkono begani mwake, kabla ya kurudi kitini.

Vaishali alikuwa akilia bila kujificha. Alisema kwamba jioni ile, alipokuwa mtoto, aliteremka dukani kwa mikono na magoti, akachukua vifungo kwenye mkebe, akavipanga sakafuni vivyo hivyo na kuketi katikati. Mama yake alimkuta hapo akamuuliza anacheza mchezo gani.

"Ilikuwa mara ya kwanza kuona mtu mwingine ako peke yake kama mimi," alisema. "Ndugu zangu wote wako ng'ambo sasa. Nimezeeka na ile picha."

Alinyoosha mikono, akaishika mikono ya Ignatius.

"Nimekuja kukuambia kitu kimoja tu. Siku ile, na yale mawe, hukuwa peke yako. Nilikuwa hapo. Nilikuona."

Nje, pikipiki ilipita, vumbi likatulia. Taratibu Ignatius aliitoa mikono yake katika mikono ya mgeni.

"Ningekwambia tangu pale duka la dawa, Mama, lakini niliogopa hutakuja," alisema. "Mimi nilikuwa sauti tu, nimekaa studio na glasi ya maji. Hayo maneno geuka umwambie mwenyewe aliyevaa ile suti. Umempa kisogo tangu uingie."