Utando wa Mlangoni

Mlango wa mbele haukufungwa kwa ufunguo hata siku moja. Rufus alipenda sana kulisema hilo, hasa mbele ya watu wa kanisa.

"Mimi sijafungia mtu," alikuwa akiwaambia. "Door iko wazi. Mutanu akitaka kutoka, si atoke?"

Na kweli ulikuwa wazi. Ila ili kuufikia, mke wake alipaswa kupita kwenye korido, na humo Rufus alitundika kila asubuhi utando wa sabuni, kutoka dari hadi sakafu, ukuta hadi ukuta. Chupa iliyoning'inia juu iliulisha maji ya sabuni tone kwa tone. Rangi za kijani na zambarau zilishuka polepole, na mtu akikohoa tu, zilivurugika na kuzunguka. Ndiyo masomo yake ya uzamivu hayo. Juu kabisa aliweka kijicho cha umeme chenye taa nyekundu: utando ukipasuka, simu yake inalia, na kazini kwake hapakuwa mbali.

Madirisha yalikuwa na vyuma. Ufunguo wa mlango wa nyuma, eti ulipotea.

Mwezi Machi Mutanu alikimbia. Utando ukapasuka, simu ikalia, na Rufus akamkuta kwenye stesheni ya Seven Hills, treni ya kwenda Granville ikiwa bado haijafika. Hakumpiga. Alimshika mkono kwa upole mbele za watu, akamrudisha nyumbani, akautundika utando upya huku akipiga mluzi. Tangu siku hiyo Mutanu aliuogopa utando kuliko alivyomwogopa mwenye nao, na kuogopa sabuni kulimtia aibu.

Jumapili moja akina mama wa fellowship walikuja kuuliza mbona haonekani. Rufus aliwapokea vizuri, akawakalisha, akautundika utando wajionee. Alichovya kalamu kwenye bakuli la sabuni, akaipenyeza katikati, akaichomoa. Utando ukabaki mzima. Wakapiga makofi.

"Haki daktari, hiyo ni magic!" akasema Rispah, kiongozi wao. "Na mbona haipasuki?"

"Shida yake ni kitu kikavu, Mum. Kikiwa wet, inakiona kama mwenzake."

"Dada Mutanu, Mungu amekubariki na bwana mwenye akili."

Mutanu alikuwa amesimama mlango wa jikoni, mikono imejaa povu la vyombo. Wageni wakala chapati, wakaomba, wakaenda zao. Swali walilokuja nalo wakalisahau hapo hapo.

Wiki iliyofuata Mutanu aliomba anunuliwe dumu la sabuni ya vyombo, lile kubwa. Rufus alilileta jioni hiyo hiyo, amefurahi kwelikweli. Hatimaye mke ametulia, anafikiria usafi wa nyumba.

Alhamisi simu haikulia kutwa nzima. Jioni Rufus alisukuma mlango wa mbele taratibu, kama mtu anayeingia chumba alicholala mtoto mchanga. Utando ulikuwa pale pale, mzima, rangi zikishuka. Huko jikoni redio ilikuwa ikiimba nyimbo za injili. Akatabasamu.

"Mutanu, nimefika. Umeshinda poa?"

Hakujibiwa, wala hakushangaa. Siku hizi mke wake hakuwa mtu wa maneno. Akamsimulia habari za kazini akiwa amesimama hapo hapo, akavua koti, kisha akainua kidole kikavu aupasue utando apite.

Akateleza. Alijishika ukutani, akatazama alichokanyaga.

Sakafuni, upande wake wa utando, kulikuwa na nyayo za sabuni za miguu mitupu, zote zimeelekea nje.