Kazi ya Waliokufa

Regina alimkuta mama mkwe wake, Mogesi, amepiga magoti katikati ya maboga, unyoya wa kuku mkononi, akigusa ua hili, kisha lile, midomo ikimcheza.

"Mama, unafanya nini shambani kwangu?"

"Kazi ya waliokufa," bibi alijibu, akahamia ua jingine.

Regina aliingiwa na baridi. Msimu ule, katika kijiji kizima cha ujamaa pale Ringwani, maboga yalichanua vizuri, kisha vitunda vikageuka njano na kudondoka. Watoto wangekula nini kiangazi? Dawa ya wadudu haikushukiwa. Ilipulizwa kila shamba, pamba ikapendeza mno, na dawa ni dawa. Alitafutwa mtu.

Kumbe Regina alikuwa na jingine moyoni. Siku iliyofuata ile ya kupuliza, alimwona Mogesi akifukia kanga iliyofungwa fundo, chini ya mzinga wa marehemu baba mkwe, huku akilia.

Alisema yote barazani. Moyo ulimuuma, maana bibi huyo ndiye aliyemlelea wanawe, lakini alisema.

Baraza liliendeshwa kwa Kiswahili kwa kuwa kijiji kilichanganya makabila, na Kiswahili cha Mogesi kilikuwa cha kuokoteza.

"Waliokufa gani?" mwenyekiti aliuliza.

"Wa mume wangu. Wote, siku moja."

Watu waliinuka wakipiga kelele. Hakuachwa amalize.

Asubuhi alifukuzwa arudi kwao Susuni, safari ndefu kwa miguu. Mlangoni alimpa Regina ule unyoya.

"Maua ya leo usiyaache, mwanangu."

Yaani amrithishe uchawi? Regina aliutupa jikoni, ukaungua. Hata kwaheri hakumpa.

Mwaka ule maboga yalizaa mahali pamoja tu kijijini: shambani kwa Regina, kuanzia mpakani hadi pale bibi alipokutwa amepiga magoti. Kutoka hapo kwenda mbele yalikuwa majani matupu. Yalikuwa yakikomaa, makubwa, wakati habari za msiba zilipofika kutoka Susuni.

Regina hakulala. Kulipokucha alichukua jembe, akaenda chini ya ule mzinga uliokuwa kimya, akafukua kanga, akalegeza fundo.

Ndani mlikuwa na nyuki wakavu, wamelazwa kwa upole, wamejaa kanga nzima.