Mashine ya Kumi na Mbili

Kwa uchovu Ottilia alibonyeza kitufe, akiwa Mbinga mjini, na amri moja ikaenda kwa pamoja kwenye kompyuta za zahanati kumi na mbili, toka milimani hadi ufukweni mwa ziwa. Ndipo alipoisoma vizuri. Alikuwa ameagiza faili zote za wagonjwa zifutwe, si za zamani tu.

Kumi na moja zilijibu: zimefutwa.

Ya mwisho, ya ziwani, ilikuwa kimya, na amri ingeisubiri hadi iwake. Alimpigia simu sista anayeisimamia zahanati hiyo.

"Shikamoo Sista. Kompyuta imezimwa?"

"Marahaba mwanangu. Radi zilikuwa zinapiga, nikachomoa kila kitu. Sasa zimetulia, ndiyo naichomeka."